"Alitoka Ujerumani" Si Anwani: Majibu kwa Wanaotafuta Kijiji cha Babu

Barua za safari hii zimetoka mbalimbali: Minneapolis, Toronto, Lushoto, Nairobi. Kila moja inamtafuta Mjerumani aliyehama kwao zamani, na karibu zote zimekwama mahali pamoja. Tumezifupisha na kuondoa majina.

SWALI: Mimi ni Mkenya niliyeolewa Minnesota. Baba mkwe wangu ana miaka 81 na anatamani kujua babu yake alitoka wapi hasa. Tunachojua ni kwamba ukoo ni Miller, babu alifika Marekani miaka ya 1880, alikuwa Mlutheri, na sensa imemwandika "Prussia". Niliandikia ofisi moja ya nyaraka huko Ujerumani, wakajibu kwamba hawawezi kunisaidia. Nianzie wapi?

JIBU: Dada, hao hawakukunyima kitu. Hawana pa kushika. Ujerumani haikuwa nchi moja hadi mwaka 1871. Kabla ya hapo zilikuwa falme na tawala ndogondogo, kila moja na makarani wake. Hata baada ya kuungana, vizazi, ndoa na vifo viliendelea kuandikwa kijijini au mjini, na daftari lenyewe limebaki hukohuko au limehamishiwa nyaraka za mkoa au za kanisa la eneo hilo. Daftari kuu la taifa halipo. Na "Prussia" haikupunguzii kazi: mtu wa Köln kwenye mto Rhine alikuwa wa Prussia, na mtu wa Königsberg, ambayo leo ni Kaliningrad ya Urusi, naye alikuwa wa Prussia. Kati ya miji hiyo miwili ni karibu kilomita elfu moja.

Kwa hiyo kijiji kinatafutwa Marekani kwanza, na Ujerumani unaigusa ukishakuwa na jina la kijiji mkononi. Wengi huanza kinyume na kupoteza mwaka mzima.

Anza kabatini mwa baba mkwe. Tafuta cheti cha ubatizo cha Kijerumani (juu yake pameandikwa *Taufschein*), cheti cha kipaimara, Biblia ya ukoo, barua na bahasha zake. Zile picha za kale zilizobandikwa kwenye kadi ngumu zigeuze: jina la mpiga picha na mji wake vimechapwa nyuma au chini ya picha. Mtu wa kijijini alipigwa picha katika mji ambao angeweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo jina la mji huo linakuchorea duara la kutafutia hata kama kijiji chenyewe hakijulikani.

Baada ya hapo nenda kwenye usharika alikozikwa. Hiki ndicho chanzo tunachokipa uzito kuliko vyote kwa Mlutheri wa Minnesota. Karani wa serikali aliridhika na neno "Germany", lakini mchungaji aliyetoka Ujerumani mwenyewe alijua hilo si jina la mahali, akaandika kijiji na wilaya. Usiombe "cheti" cha ubatizo au mazishi, maana katibu wa usharika atakujazia fomu mpya ya Kiingereza na kuacha nusu ya maneno. Omba picha ya ukurasa wenyewe wa daftari. Kama usharika umefungwa, uliza ofisi ya dayosisi yake madaftari yalipelekwa wapi. Soma ubatizo wa watoto wake wote, si wa mmoja tu, na uandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Watu hawa walihama kwa mkumbo: ndugu alimvuta ndugu, jirani akamvuta jirani. Msimamizi wa mtoto wa tatu anaweza kuwa ndiye pekee ambaye kijiji chake kimeandikwa, na mara nyingi ni kijiji kimoja na cha babu.

Cheti cha kifo kitafute, ila usikiamini sana. Aliyemjibu karani siku hiyo ni mtoto aliyezaliwa Minnesota na hajawahi kukanyaga Ulaya. Tangazo la kifo katika gazeti la Kijerumani la Marekani ni bora zaidi, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mengi kwenye tovuti yake ya magazeti, Chronicling America, bila malipo. Tafuta kwa tahajia ya Kijerumani, si ya Kiingereza.

Sasa nyaraka za serikali. Sensa za 1900, 1910, 1920 na 1930 ziliuliza mwaka wa kuingia nchini na hali ya uraia: *Na* ni aliyekwisha kupata uraia wa tajnisi, *Pa* ni aliyewasilisha karatasi za kwanza za kuomba uraia, *Al* ni mgeni bado. Ile ya 1890 isahau, moto wa mwaka 1921 ulifanya sehemu kubwa yake ipotee. Mwaka wa tajnisi ndio unaoamua faida utakayopata. Kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 mahakama yoyote iliweza kutoa uraia, kwa fomu yake yenyewe, na mara nyingi utakuta sentensi moja tu kwamba fulani anaukana utii wake kwa Mfalme wa Prussia. Baada ya tarehe hiyo fomu ni moja nchi nzima na inauliza mahali pa kuzaliwa. Mke wake usimtafute peke yake: kabla ya 1922 mke alifuata uraia wa mume.

Minnesota ina hazina ambayo majimbo mengi hayana. Februari 1918, wakati wa vita, jimbo liliwaandikisha wakazi wote wasio raia, pamoja na mali zao, na fomu hizo ziko katika jumba la historia la Minnesota. Kama sensa ya 1910 inamwonyesha babu kama *Pa* au *Al*, nenda huko kabla ya kwingine. Na kama alichukua shamba la serikali chini ya sheria ya 1862, faili lake la ardhi liko Nyaraka za Taifa za Marekani na huwa na nakala ya karatasi zake za uraia, kwa sababu ardhi ile haikutolewa kwa asiye raia au asiyeomba uraia.

Zinabaki meli. Kama alipanda Hamburg, una bahati: orodha za abiria za Hamburg za 1850 hadi 1934 zimehifadhiwa, zina pengo la miaka ya Vita ya Kwanza, na zina safu ya makazi ya mwisho ya kila abiria. Zipo za aina mbili, za waliokwenda moja kwa moja na za waliobadilishia meli kwingine, hasa Uingereza. Msomaji akikosa katika aina ya kwanza hukata tamaa, kumbe jina liko katika ya pili. Kumbuka pia kwamba makazi ya mwisho si lazima pawe mahali pa kuzaliwa. Kijakazi aliyefanya kazi mjini aliandikwa wa mjini. Kama alipanda Bremen, pole. Kuanzia 1875 wenye nyaraka za Bremen waliziharibu orodha za zamani kwa kukosa nafasi, na zilizobaki karibu zote ziliangamia katika Vita ya Pili, isipokuwa za miaka ya 1920 hadi 1939. Orodha za upande wa Marekani za miaka ya 1880 zitakupa nchi tu. Makazi ya mwisho yaliingizwa 1893, na mahali pa kuzaliwa baadaye zaidi.

Jina nalo: Miller karibu hakika alikuwa Müller, maana yake msagaji. Tafuta Müller, Mueller, Muller, hata Möller. Schmidt aligeuka Smith, Zimmermann akawa Carpenter, Koch akawa Cook. Na hadithi kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndiye aliyebadilisha jina iacheni. Karani alikuwa akisoma orodha iliyoandikwa kwenye bandari ya kuondokea, na kituo chenyewe kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, wakati babu yenu alishafika. Majina yalibadilika polepole dukani, shuleni na kwa mwajiri.

Jambo la mwisho kwako, kwa sababu Müller wako wengi kama mchanga. Ukimpata mtoto wa jina na tarehe inayofaa katika daftari la kijiji, usishangilie. Fungua daftari la mazishi la kijiji hichohicho umtafute humo. Watoto walikufa wengi, na mtoto aliyezikwa 1864 hakusafiri kwenda Minnesota. Kisha angalia ndoa: kama ameoa hapo kijijini 1890 na kubatiza watoto, si wenu. Jina la mama, majina ya ndugu na tarehe kamili vikikubaliana na maandishi ya Marekani, hapo ndipo mnaweza kumwambia mzee.

SWALI: Tumepata kijiji, kinaitwa Neustadt. Kwenye ramani zinatokea Neustadt nyingi mno! (Toronto, Kanada)

JIBU: Neustadt ni "mji mpya", jina la kawaida kama vijiji viitwavyo Mtakuja hapa kwetu. Fungua kamusi ya Meyer ya maeneo ya Dola ya Ujerumani, ya miaka ya 1912 na 1913, ambayo ipo mtandaoni bure na ina ramani. Kila kijiji kina mistari michache iliyojaa vifupisho. *Kr.* ni wilaya. *StdA.* ni ofisi ya msajili. Kikifuatiwa na jina la mahali pengine, basi vizazi vya kijiji chenu viliandikwa huko, si kijijini. *Pfk.* ni kanisa la parokia. Kisipoonekana, watu walisali kijiji cha jirani na ndiko daftari liliko. Makosa mengi tunayoyaona yanatokea hapa: mtu anaandikia kijiji chenye jina sahihi ambacho hakikuwahi kuwa na kanisa.

Kuchagua Neustadt ipi, tumia dini, wilaya yoyote iliyotajwa hata kwa kukosewa tahajia, na vijiji vya majirani wa babu yenu kule Kanada. Kama majirani watatu wanatoka vijiji vinavyoizunguka Neustadt moja, ndiyo hiyo.

Usishtuke ramani ikikupeleka Poland. Sehemu kubwa ya Pomerania na Silesia, na Prussia ya Mashariki yote, zilitoka mikononi mwa Ujerumani baada ya Vita ya Pili. Stettin sasa ni Szczecin, Breslau ni Wrocław. Madaftari yaliyosalimika huko yako zaidi katika nyaraka za serikali ya Poland, ambazo zina tovuti yenye picha za bure, na mengine yako Berlin katika ofisi iitwayo Standesamt I.

Kwa Ujerumani ya leo, kanisa na serikali ni milango miwili tofauti. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Oktoba 1874 Prussia na tarehe 1 Januari 1876 nchi nzima. Sehemu za magharibi mwa Rhine zilianza mapema zaidi, enzi za Wafaransa. Daftari la vizazi hubaki kwa msajili miaka 110, la ndoa 80, la vifo 30, kisha huhamia kwenye nyaraka za mji au wilaya na kuwa wazi kwa kila mtu. Kabla ya miaka hiyo kutimia lazima uthibitishe kwamba umetoka kwa mtu huyo moja kwa moja. Unapoandika, omba nakala ya ukurasa wa daftari lenyewe badala ya cheti. Cheti kinarudia jina na tarehe tu. Ukurasa una pembezoni, na pembezoni msajili wa baadaye ameandika ndoa ya huyo mtoto, au kifo chake na mahali alipofia. Ya kabla ya usajili ni ya kanisa: Waprotestanti wengi wako kwenye tovuti ya Archion, ambayo ni ya kulipia, na Wakatoliki kwenye Matricula, ambayo ni bure.

SWALI: Nimelipia Archion mwezi mmoja, nimefungua ubatizo wa 1847, na sisomi hata neno. Je, kuna njia? (Toronto, Kanada, msomaji mwingine)

JIBU: Ipo, na haihitaji ujue Kijerumani kingi. Mwandiko huo unaitwa Kurrent, una herufi zake, na daftari la ubatizo hurudia maneno yaleyale mamia ya mara. Wengine wataku­ambia ni Sütterlin. Si kweli kwa 1847: Sütterlin ni mwandiko wa shule uliobuniwa karne ya 20 na kuanza kufundishwa Prussia mwaka 1915.

Tatizo kubwa ni *e*. Katika Kurrent imekuwa vijistari viwili vidogo vilivyosimama karibukaribu, na macho yetu yanaisoma *n*. *n* nayo ni vistari viwili, vimeachana kidogo zaidi. *u* ni vilevile, ndiyo maana mwandishi aliweka kikunjo kidogo juu yake ili kuitofautisha, na kikunjo hicho watu wasiozoea hudhani ni alama ya *ü*. *s* ndefu, *f* na *h* zote zinashuka chini ya mstari. Herufi kubwa *B* na *L*, *K* na *R*, huchanganywa hata na wazoefu.

Usianze na jina la ukoo. Anza na neno unalolijua tayari: jina la kijiji, ambalo liko ukurasa mzima, na majina ya miezi. Andika kila herufi ya maneno hayo kwenye karatasi jinsi mwandishi *huyo* alivyoichora, uwe na alfabeti ya mkono wake. Kurasa tano baadaye utakuwa unasoma. Angalia kichwa cha safu kwanza. Kwa kawaida utakuta namba, siku na saa ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, majina ya mtoto, baba na kazi yake, mama na ukoo wake, kisha wasimamizi. *Tagelöhner* ni kibarua wa siku, *Bauer* ni mkulima mwenye shamba, *Schneider* ni fundi cherehani. *ehel.* ni mtoto wa ndani ya ndoa, *unehel.* ni wa nje. Ukiona *7br* si Julai, ni Septemba. *8br* ni Oktoba, kwa hesabu ya Kilatini.

Mitego miwili ya majina. Wanawake waliongezewa *-in* mwishoni, hivyo Müllerin ni mwanamke wa ukoo wa Müller, lakini faharasa ya kompyuta itamweka mbali na nduguze. Na wavulana wanne wa nyumba moja wanaweza wote kuanza na Johann: Johann Heinrich, Johann Friedrich na kadhalika. Jina lililoitwa nyumbani mara nyingi ni la pili, na ndilo alilolipeleka Marekani au Kanada.

Programu ya Transkribus husoma miandiko hii kiasi cha kukusogeza mbele. Isiaminiwe kwenye majina ya watu.

SWALI: Bibi yangu mzaa baba alizaliwa 1911 au 1912 karibu na Lushoto. Tuliambiwa baba yake alikuwa Mdachi mwenye shamba. Jina halisi hatulijui, wazee walimwita kwa jina la utani tu. Aliondoka wakati wa vita. Anaweza kupatikana? (Lushoto, Tanzania)

JIBU: Swali lako ni gumu kuliko la dada wa Minnesota, maana yeye ana jina hana kijiji, nawe huna vyote viwili. Lakini una mahali na una miaka, na Wadachi wenye mashamba Usambara hawakuwa maelfu.

Jina la utani usilidharau. Waafrika waliwapa karibu wote. Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani huku, alikuwa Mkono wa Damu, na Tom von Prince alikuwa Bwana Sakarani, jina ambalo limebaki kwenye ardhi yenyewe huko kwenu upande wa Soni. Waulize wazee kama jina la Mdachi wenu limeng'ang'ania kijito, kilima au shamba lolote. Prince huyo huyo ni funzo jingine: alikuwa ofisa wa Kijerumani, alifia Tanga mwaka 1914, lakini alizaliwa Mauritius. Mjerumani wa makoloni si lazima awe amezaliwa Ujerumani. Huko Leganga, chini ya Mlima Meru, walikuwepo walowezi Wajerumani waliotoka Urusi.

Kwenye nyaraka tafuta kwa majina ya zamani. Lushoto ni Wilhelmstal, mara nyingine Wilhelmsthal. Mlalo ilikuwa Hohenfriedeberg. (Wasomaji wa kusini: Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg, Liuli ni Sphinxhafen.)

Lengo la kwanza ni orodha ya wenye mashamba wa eneo hilo kati ya 1909 na 1914. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya serikali ya Kijerumani, ya ardhi yakiwa mengi. Mafaili hayo yaliorodheshwa kwa Kijerumani na orodha ikachapishwa Marburg mwaka 1973. Omba kuiona orodha kwanza, kisha uombe faili kwa namba. Bila namba utakaa benchi bure. Wasiliana nao kabla ya kufunga safari uulize taratibu za kibali. Pembeni soma magazeti: *Usambara-Post* ya Tanga na *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung* ya Dar es Salaam yalitaja nani kaingia na meli, nani kauza shamba, nani kafa. Orodha za abiria za Hamburg tulizozieleza juu zinaweza kukufaa nawe pia, kwani meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilianzia huko, ila wengi walizipandia Naples au Marseille ili kukwepa safari ndefu ya bahari, na hao hawamo.

Daftari la ubatizo wa bibi litafute kwa Walutheri, ambako kulikuwa na wamisionari wa shirika la Bethel huko Mlalo na Vuga, na kwa Wakatoliki wa Gare. Jiandae kukuta safu ya baba iko wazi. Tangu 1906 serikali ya koloni haikuruhusu ndoa ya Mzungu na Mwafrika, kwa hiyo mtoto aliandikwa wa mama. Soma pembezoni na majina ya wasimamizi, na uangalie nani alimlipia ada ya shule. Baba aliyekataa kuandikwa mara nyingine alijitokeza kwa njia ya fedha.

Kisha vita, na hapa mkono wa Mwingereza unakusaidia. Usambara ilishikwa 1916. Wajerumani walifungwa, wengi wakapelekwa kambi za Misri na za Ahmednagar nchini India, na baada ya vita wakafukuzwa na mashamba yao kuuzwa kama mali ya adui. Matangazo ya mauzo yalitoka katika gazeti la serikali ya Tanganyika: jina la shamba, jina la mwenyewe, ukubwa. Barua za serikali ziko London, Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu CO 691. Wafungwa wenyewe wameorodheshwa katika kadi za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva, zilizowekwa mtandaoni bure, na orodha zinazorejelewa na kadi hizo mara nyingi zina mahali pa kuzaliwa na anwani ya ndugu wa karibu. Wenye mashamba wakiwa kumi, huenda kadi zikakupa vijiji vya saba. Mafaili ya watumishi wa jeshi la Prussia usiyatafute, yaliungua Potsdam Aprili 1945. Ya Bavaria yapo salama Munich.

Angekuwa mmisionari kazi ingekuwa nusu: Wamoraviani kule Herrnhut, Ujerumani, wana desturi ya kila mmoja kuacha maelezo ya maisha yake, yakianza na alikozaliwa, nao wameyatunza.

Hata ukipata majina kumi, karatasi pekee huenda isikuambie ni yupi. Hapo kipimo cha vinasaba kina kazi. Pima aliye karibu zaidi na bibi kwanza: mtoto wake aliye hai anabeba takriban robo ya vinasaba vya huyo Mdachi, wewe ni kama sehemu moja ya nane, na kila kizazi kinapunguza kwa nusu. Watakaolingana naye watakuwa Wamarekani zaidi kuliko Wajerumani, wajukuu wa kaka au dada wa Mdachi wenu waliohamia huko. Ukoo wao ukifuatiliwa kwa njia tuliyompa dada wa Minnesota, unaishia kijiji kimoja, na jina la ukoo wa kijiji hicho ulilinganishe na orodha yako ya wenye mashamba.

SWALI: Nikimthibitisha babu Mjerumani, napata pasipoti? (Nairobi, Kenya)

JIBU: Kwa babu wa zamani, mara chache. Chini ya sheria ya 1870, Mjerumani aliyekaa ughaibuni zaidi ya miaka kumi bila kujiandikisha ubalozini alipoteza uraia, na utaratibu huo ulidumu hadi sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 1914. Aliyeondoka 1885 na kunyamaza alikuwa ameupoteza takriban mwaka 1895. Mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 1993 hakuupata kupitia baba. Sheria ya Agosti 2021 imewafungulia baadhi yao mlango kwa tamko, pamoja na wazao wao, lakini kwa waliozaliwa baada ya tarehe 23 Mei 1949 tu, na tamko lifike kabla ya muda kwisha tarehe 19 Agosti 2031. Kama baba yako mwenyewe ni wa kundi hilo, ndoa haikuwepo na babu alimkiri kisheria, kusanya cheti cha kuzaliwa na waraka wa kumkiri mtoto, uende ubalozini sasa.